Uchachu pekee hauyafanyi maziwa lala kuwa salama

Mhariri,

Wauzaji wengi wa maziwa lala hapa Kisumu huacha maziwa mabichi yagande yenyewe kwenye jerikeni, wakiamini uchachu utaua kila kijidudu. Si kweli. Bakteria wazuri, Lactobacillus na Lactococcus, hutoa asidi inayoidhoofisha Salmonella, bakteria wa kuharisha, lakini asidi hiyo huchukua saa nyingi kukolea. Kabla haijakolea, bakteria waitwao Staphylococcus aureus wakiwa tele huacha sumu ambayo hata kuchemsha baadaye hakuiondoi. Nao E. coli aina ya O157, bakteria wengine hatari, huvumilia uchachu.

Chemsha maziwa kwanza, yafunike, yapoe hadi nyuzi 25 au 30, ndipo utie chachu safi (yenye bakteria wazuri hao), vijiko viwili vya mezani kwa kila lita. Ukiitia yakingali moto, unaiua chachu yenyewe. Saa 18 zikipita bila kuganda, huenda chachu imechoka au maziwa yana mabaki ya dawa ya ng'ombe inayoua bakteria, yamwage, tafadhali.

Kinachowaangusha wengi ni chombo. Plastiki iliyokwaruzika huficha viini hata ikisuguliwa vipi, hivyo mtungi wa alumini ni bora. Kabla ya kuuza, karatasi ya kupimia asidi ionyeshe pH (kipimo cha uchachu; kikishuka, uchachu umezidi) 4.5 au chini.

Msomaji,
Kondele, Kisumu