Kwa Somoe, kabla hujaanza na vijana wa JavaScript

Shangani, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na Mungu akipenda nawe na wazee wote Lindi hamjambo. Nimefurahi mno kusikia kwamba vijana waliomaliza kidato cha nne wamekubali kujifunza JavaScript, ile lugha ya kuandikia programu za tovuti, kwako wakati wakisubiri matokeo. Umeniuliza somo la aina za data na opereta, yaani alama za kazi kama + na *, ulipange vipi. Nitakujibu kwa urefu, maana mwanafunzi asipolielewa hili vizuri, yote yanayofuata yatampa taabu.

Mafunzo mengi huorodhesha kwanza aina zote, yaani namba, stringi (maandishi), buliani (kweli au si kweli), null (thamani tupu), undefined, bigint, simboli, kisha objekti, halafu sura nyingine nzima ni ya opereta. Usifuate mpango huo. Mwanafunzi hukariri orodha zote mbili, na siku ya kuandika programu hajui aanzie wapi. Fundisha viwili hivyo pamoja tangu saa ya kwanza. Alama ya + haina kazi moja: inachofanya kinategemea imewekwa kati ya vitu vya aina gani.

Mimi hutumia korosho, kwa sababu huku hakuna kijana asiyeijua mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mkulima kaleta kilo 45 asubuhi, jioni kaongeza 30. Waambie waombe uzito wa mara zote mbili kwa prompt, kile kisanduku kinachomtaka mtu achape kitu, na waujumlishe, ila kabla ya kuendesha programu kila mmoja aandike kwenye daftari jibu analolitarajia. Wataandika 75. Kompyuta italeta 4530. Usikimbilie kuwaeleza, waache wabishane kwanza. Kisha watumie typeof, inayotaja aina ya kitu, kwa kila kigezo (jina linalohifadhi thamani), wajionee neno "string". Chochote mtu anachokichapa kwenye prompt huingia kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na + ikikuta maandishi huyaunganisha.

Jambo ninalotaka ulikazie ni linalofuata. Waambie sasa wazidishe ile "45" kwa bei. Jibu litatoka sawasawa! Alama za *, - na / hazina kazi ya kufanya kwenye maandishi, kwa hiyo JavaScript huyageuza kuwa namba bila kumwambia mtu. Kijana anaweza kuandika programu nzima ya malipo na ikampa majibu sahihi, hadi siku mkulima atakapoleta mizigo miwili. Ndiyo maana mimi hushikilia kwamba kinachoingia kigeuzwe kuwa namba kwa Number() mara tu kinapopokelewa, kabla ya hesabu yoyote.

Number() yenyewe ina ukali wake. Watu wetu huandika bei 3,000 au 3000/=. Ukiipa Number() mojawapo ya hizo, inarudisha NaN, yaani si namba inayoeleweka, na kila hesabu itakayoigusa nayo inakuwa NaN. Mwanafunzi mwepesi atagundua parseInt, ambayo kwa "3000/=" inampa 3000 bila shida. Mpe "3,000" ajaribu. parseInt inasoma hadi kwenye mkato na kusimama hapo, inarudisha 3. Mkulima atalipwa shilingi tatu kwa kilo, na programu haitaonyesha hitilafu yoyote. Kisanduku kikiachwa kitupu nacho, Number("") ni 0. Kwa vijana ambao ada zao zimetoka kwenye korosho, mfano huu unawaingia kuliko wowote ninaoujua.

Wakishazoea, geuza swali: namba ya simu ni namba? Watasema ndiyo kwa sauti moja. Waipitishe kwenye Number(), waone sifuri ya mwanzo inavyopotea. Halafu nenda kwenye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ambayo ina tarakimu 20. Namba ya kawaida ya JavaScript ina uhakika wa namba kamili hadi 9007199254740991 tu, na hizo ni tarakimu 16. Watunge namba ya tarakimu 20 (ya kubuni, wasichape zao halisi, hilo lisimamie) na waiandike bila alama za nukuu. Tarakimu tatu za mwisho zitatoka sifuri. Watu wawili waliotofautiana mwishoni tu wanaweza kusomeka kama mtu mmoja. Kuna bigint inayoweza kuibeba namba hiyo yote, lakini nani anajumlisha vitambulisho? Swali la kuwafundisha kujiuliza ni hili: kitu hiki nitakifanyia hesabu? Kama sivyo, kiwe stringi.

Kwenye opereta zilizobaki usikae sana, isipokuwa mabano. Kwa zoezi tu, weka kilo 75, bei 3000, na makato 200 kwa kila kilo. Ukiandika kilo * (bei - makato) unapata 210000. Ukisahau mabano, kuzidisha kunatangulia na unapata 224800. Waache watafute wenyewe hizo 14800 zimetoka wapi. Alama ya % wape kwa magunia: kilo 437, tuseme gunia linachukua 80, zinabaki 37. Kulinganisha wafundishe === tangu mwanzo, ambayo haigeuzi aina. Ile == hugeuza aina kabla ya kulinganisha, hadi 0 == "" ikawa kweli, na sioni faida ya mwanafunzi mpya kuizoea.

Atakuwepo atakayejumlisha 0.1 na 0.2 akapata 0.30000000000000004. Mwambie kompyuta haijaharibika. Desimali hizo haziwezi kuhifadhiwa kikamilifu kwa mfumo wa 0 na 1, kwa hiyo uzito wa sehemu za kilo auweke kwa gramu kamili. Na mwingine atakuuliza kwa nini typeof null inasema "object". Hilo ni kosa la tangu lugha ilipoundwa na Brendan Eich mwaka 1995 kule Netscape, kampuni ya kivinjari cha mtandao, likaachwa kwa kuhofia kuharibu tovuti zinazolitegemea. Mjibu hivyo, muendelee.

Kama kompyuta ni chache, wakae wawiliwawili, mmoja achape na mwingine atamke aina ya kila kigezo kabla ya kuendesha. Utaniandikia zoezi la mizani limekwendaje, na hasa kama kuna aliyeshtukia ile 3 ya parseInt kabla hujamwonyesha. Mama nisalimie sana, mwambie nitakuja Lindi msimu wa korosho ukiisha.

Wako akupendaye,
Zuhura