Jmosi Ngozi: kupe na watoto

Wapendwa habari za jioni, Jmosi tunapanda Ziwa Ngozi (lile la juu mlimani kule Mbeya) na watoto, naombeni sana suala la kupe tusilichukulie poa. Kupe anakaa kwenye ncha ya jani anasubiri mguu upite adandie, kwa hiyo mtoto avae suruali ndefu ya rangi nyeupe nyeupe uichomekee ndani ya soksi, na atembee katikati ya njia.

Mkirudi home kagua kwapani, nyuma ya masikio, kinenani na kwenye nywele. Ukimkuta kupe kang'ang'ania jamani usimchome na njiti wala kumpaka mafuta ya taa, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi umvute taratibu bila kumzungusha, halafu osha na sabuni. Homa ikija ndani ya wiki 2 nendeni hospitali na mseme aling'atwa na kupe.