Kumbukumbu za filamu zetu zihifadhiwe sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu makongamano ya mashabiki wa filamu na vibonzo, ambayo baadhi ya wasomaji wenzangu wameyaita upotevu wa fedha na utoto wa watu wazima. Sina ugomvi na anayeona si busara mtu mwenye familia kumaliza mshahara kwa sanamu ya plastiki ya shujaa wa sinema. Hata mimi sijashawishika kwamba sanamu hiyo itapanda bei kwa sababu tu haijatolewa kwenye kasha lake. Ninachokataa ni kuyahukumu makongamano yote kwa meza zinazouza sanamu hizo za plastiki, ilhali mashabiki ni miongoni mwa watu waliookoa vitu ambavyo wenye kampuni za filamu walikuwa wakiviondoa kama takataka.

Kongamano la San Diego, Marekani, lilipofanyika kwa siku tatu mwaka 1970, lilipata wahudhuriaji wapatao 300 katika hoteli moja ya mjini. Leo hupokea zaidi ya watu 130,000, na kampuni kubwa hupeleka huko habari za filamu zao mpya. Dubai ilipata kongamano lake mwaka 2012, Johannesburg mwaka 2018, na jirani zetu wa Nairobi wana kongamano la NAICCON, ambako vijana hufika wamevaa kama wahusika wanaowapenda, wengine kwa mavazi waliyoyashona wenyewe.

Mwaka huo huo wa 1970, kampuni ya filamu ya MGM ya Marekani, ikiwa imebanwa na hali mbaya ya fedha, ilipiga mnada mavazi na vifaa vya filamu zake za miongo mingi. Jozi ya viatu vyekundu vya aina aliyovaa Judy Garland katika filamu ya mwaka 1939, The Wizard of Oz, iliuzwa kwa dola 15,000. Zilikuwapo jozi nyingine, na zikaangukia mikononi mwa watu binafsi. Moja kati ya hizo iliibwa mwaka 2005 katika makumbusho ya mji mdogo wa Grand Rapids, Minnesota (mwizi, kwa maelezo ya wakili wake, aliamini imepambwa kwa vito halisi), ikapatikana mwaka 2018, na Desemba 2024 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 28, au milioni 32.5 ukijumlisha ada za mnada.

Miongoni mwa wanunuzi wa mwaka 1970 alikuwamo mwigizaji Debbie Reynolds, ambaye kwa miongo kadhaa alihangaika kupata makumbusho ya kudumu kwa ajili ya hazina aliyoikusanya, asifanikiwe. Mwaka 2011 alilazimika kuanza kuiuza, na gauni jeupe la Marilyn Monroe peke yake likafika dola milioni 4.6 kabla ya ada. Mwaka uliofuata, taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar ilipata jozi ya viatu vile vyekundu kwa fedha za mwigizaji Leonardo DiCaprio, mwongozaji Steven Spielberg na wafadhili wengine, ili viwekwe katika makumbusho yake, ambayo hatimaye yalifunguliwa Los Angeles mwaka 2021. Yaani tasnia ya filamu iliyo miongoni mwa zile tajiri zaidi duniani ilihitaji michango ili kurudisha nyumbani kitu ambacho ilikuwa nacho bure ghalani.

Nasi tuko wapi? Filamu zetu za Kiswahili zilizosambazwa kwa kanda, kisha kwa VCD na DVD, zilitazamwa kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura na Lubumbashi, na umati uliojitokeza kumzika mwigizaji Steven Kanumba mwezi Aprili 2012 uliwashangaza hata waliokuwa wakizibeza. Lakini muulize mtu leo yalipo mabango ya filamu hizo, miswada yenye masahihisho ya mwongozaji, au mavazi ya waigizaji. Hili la mavazi linanisumbua zaidi, kwa sababu katika tasnia ambayo mara nyingi mwigizaji alikuja kazini na nguo zake mwenyewe, ghala letu la mavazi limo katika makabati ya watu, na nguo hizo hugawiwa ndugu bila yeyote kukumbuka zilionekana katika filamu gani. Majumba ya sinema yenyewe yamekwenda. Pale ilipokuwa Drive-In ya Msasani sasa upo ubalozi wa Marekani, na kilichobaki kwa wengi ni jina la eneo.

Wanunuzi makini wa vitu vya aina hii hawanunui kitu, hununua uthibitisho. Hulinganisha kitambaa na picha za filamu, doa kwa doa na mshono kwa mshono, na hutaka kujua kilipita mikononi mwa nani tangu siku ya kupiga picha. Shati la mwigizaji mashuhuri lisilo na maelezo hayo ni mtumba tu. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kusubiri: mafundi, washona nguo na wasambazaji wa miaka ile bado wapo na wanaweza kuulizwa, ilhali mabango ya karatasi yanashindana na mchwa na unyevu wa pwani.

Napendekeza Bodi ya Filamu Tanzania, ambayo filamu hufikishwa kwake zikaguliwe na kupangiwa daraja, imtake kila mtayarishaji aache pia bango na mswada, na vitu hivyo vikabidhiwe Makumbusho ya Taifa. Atakayesema hakuna fedha, nitamjibu kwamba mabango mia hayajazi kabati moja. Kwa vitu vya zamani, tamasha la filamu la Zanzibar, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1998, pamoja na waandaaji wa makongamano ya mashabiki, watenge meza isiyo ya biashara, penye mtu wa kupiga picha kila kinacholetwa na kuandika maelezo ya mwenye nacho, iwe ni kasha la VCD, tiketi ya sinema au ubao wa chaki uliotangaza picha za siku nje ya kibanda cha video. Asiyetaka kukiacha kitu chake aondoke nacho. Maelezo yatakuwa yamebaki.

Mimi ninayo mabango machache ya filamu zetu, na niko tayari kuyakabidhi siku meza hiyo itakapowekwa, mradi nipewe stakabadhi.

Msomaji wako,
Tanga