Joto la usiku kwa mama wa miaka 50 si malaria kila mara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Huku Kigoma imezuka biashara ya makopo ya unga na vidonge vya "kurudisha homoni". Muuzaji anapita sokoni Mwanga na kipaza sauti, anaahidi kwa mpigo mmoja nguvu za kiume, ngozi laini na magoti yasiyouma. Ukimuuliza ndani mna homoni gani, anakutazama kama umemtukana.

Mimi ni mkunga mstaafu, na sisemi homoni ni utapeli. Mwanamke akifika kati ya miaka 45 na 55, kwa kawaida mwili hupunguza sana estrojeni, homoni ya kike, na hedhi hukoma. Wapo wanaopita salama. Wapo wanaowaka moto kuanzia kifuani hadi usoni, usiku shuka linalowa jasho, moyo unakwenda mbio, na uke unakauka hadi tendo la ndoa linageuka adhabu. (Hilo la mwisho hatulisemi, lakini nyumba zilizovunjika kwa ajili yake nazijua.) Mama huyo anakwenda zahanati, anasema ana homa za usiku. Anapimwa malaria, kipimo hakioni kitu, na bado anatoka na dawa mseto mkononi. Akirudi, vilevile. Mwishowe ndugu wanampeleka kwa mganga, anaambiwa ana jini. Kote huko hakuna aliyemuuliza: mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?

Dawa yake ipo. Estrojeni hutuliza joto hilo kuliko dawa nyingine yoyote, tena hulinda mifupa. Lakini mwenye mji wa mimba lazima apewe pamoja na projesteroni, homoni nyingine ya kike, maana estrojeni peke yake inaweza kumletea saratani ya mji huo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa, kwa kawaida hapewi homoni hizi. Sasa yule wa kipaza sauti atayajua wapi hayo?

Wenzangu wengi wa kazini waliziogopa dawa hizi tangu mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 uliposimamishwa kabla ya wakati. Hofu ilikuwa na msingi: kwa mwaka, katika kila wanawake 10,000 waliomeza homoni hizo mbili, waliopata saratani ya matiti waliongezeka 8. Waliovunjika nyonga walipungua 5, hilo halikupigiwa kelele. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Kwa mama aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijatimiza miaka 10 tangu ikome, wataalamu sasa wanasema faida mara nyingi huzidi hatari, mradi daktari amempima.

Kwa wazee wanaotafuta ujana, habari si nzuri. DHEA, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, kule Marekani huuzwa dukani bila cheti cha daktari. Wazee walipewa homoni hiyo kwa miaka miwili katika utafiti uliochapishwa 2006, na hawakupata nguvu wala maisha bora kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Baba zangu wa Ujiji, fedha hiyo nunueni dagaa, mle na mifupa yake.

Ninachoomba kwa wakuu wa afya mkoani si kikubwa. Kliniki ya wajawazito tunayo, ya watoto tunayo, ya mama aliyemaliza kuzaa sijaiona. Hata kabla ya kuianzisha, mama wa miaka 45 na kuendelea akija na homa ambayo kipimo cha malaria kimeikataa, aulizwe habari za hedhi, apimwe presha, na achunguzwe kifua kikuu, kwani nacho hutoa jasho la usiku. Kisha aandikiwe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake badala ya dozi nyingine ya mseto.

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma