Barua kwa mwanangu: usiliache gari

Mwanangu Zuhura,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, na mguu wa mamako umepungua uvimbe. Habari ya safari yako nimeipata kwa Abdalla, si kwako. Mamako kumbe anajua tangu kabla ya mitihani, mkanificha nyote. Haya, mimi mtu wa kuambiwa mwisho, nimeshazoea.

Nimeitazama ramani kwenye simu mpaka macho yakauma. Perth kwenda Broome, huko kwenu Australia, ni zaidi ya kilomita 2,000, lakini ni lami, sina neno nayo. Msiendeshe usiku tu, maana kangaruu hutoka magharibi na alfajiri, na yale malori yao ya matela matatu hupita urefu wa mita 50. Ukitaka kulipita moja, hakikisha mbele ni kweupe kabisa. Kinachoninyima usingizi ni hiyo barabara ya Gibb River, toka Derby mpaka upande wa Kununurra. Kilomita 660, nyingi changarawe. Ni kama kutoka hapa Mombasa mpaka Nakuru, ila hakuna Voi, hakuna Mtito, na pa kununua mafuta ni pa kuhesabu.

Sasa nisikilize, mama. Gari likikwama au likizima, usiliache. Hata mwenzako akikwambia ameona nyumba huko nyuma, si mbali. Hata hivyo usiliache. Gari lina kivuli, lina maji, na rubani akipita juu analiona. Mtu anayetembea nyikani haonekani. Huko wamekufa watu waliotoka kutafuta msaada, gari likapatikana kabla yao.

Njia ya Moyale kabla ya lami naijua. Springi ilitukatikia karibu na Turbi, utingo wangu akajifunga kitambaa kichwani, eti atembee mpaka atakapokuta watu. Nikamficha viatu. Alinitukana matusi ya kila kabila mpaka lilipotokea lori la mbuzi, na hajanishukuru hadi leo.

Mito nayo. Sisi tulikuwa tukifika kwenye maji, utingo anashuka anapima kina kwa miguu. Wewe usithubutu. Ule mto Pentecost una mamba wa maji ya chumvi. Ngoja gari jingine livuke, utazame maji yanafika wapi kwenye magurudumu. Yakiwa mengi, rudini, hakuna anayewadai.

Na pwani usijifanye mjuzi kwa kuwa umezaliwa Likoni na bahari ni hii hii ya Hindi. Hapa Kilindini bamvua kubwa ni kama mita 4. Derby maji hupanda na kushuka mita 11. Msiegeshe mchangani maji yakiwa yametoka. Yakiwakuta, hapo tu ndipo nakupa ruhusa uliache gari ukimbie.

Bebeni spea mbili, na maji yasipungue lita 5 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na ya akiba. Mkiingia changarawe punguzeni upepo wa tairi. Abdalla anasema kati yenu wanne ni wewe pekee unayejua kufungua tairi. Nilifurahi, sikumwonyesha. Lakini kwa nini uende na watu wasiojua hata jaki inawekwa wapi?

Utasema Baba naye alikuwa akipotelea barabarani bila kumjulisha mtu. Wakati ule simu hazikuwako. Na zilipokuja... hilo muulize mamako, mimi sitaki kulifungua leo.

Wana madaktari wao wa ndege tangu 1928, wewe mwanafunzi wa uuguzi unawajua kuliko mimi. Lakini daktari haji asikoitwa, na simu yako hiyo huko haishiki. Ndiyo maana narudia, kaa na gari.

Paa la jikoni limevuja tena. Fundi amekuja, kasema mabati yote yameoza, na bei aliyotaja nilimwomba airudie nikidhani sikusikia. Jirani anataka tukate tawi la mwembe linaloangukia ukuta wake. Embe akila halalamiki. Abdalla amefanya vizuri hesabu, Kiswahili ndiyo aibu. Mamako anataka picha ya mibuyu ya Derby, ameambiwa ni jamaa ya hii yetu, haamini.

Ile pesa uliyosema utatuma ya mabati, usiitume. Kodisha simu ya satelaiti, unitumie namba yake kabla hamjaondoka Broome. Mimi, si mamako. Jikoni tutaweka turubai.

Wasalaam,
Babako