Waziri wa elimu na wetu wa waraka

Mhariri,

Nimefundisha hisabati shule za msingi hapa Moshi hadi nikastaafu, na kila waziri mpya alikuja na waraka wake. Juzi mpangaji wangu, kijana anayesomea ualimu, alinisimulia habari za Bertel Haarder wa Denmark. Bwana huyo alishika elimu 1982 akaiacha 1993. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 1982 alimaliza miaka yake tisa ya lazima chini ya waziri yuleyule! Akaenda Bunge la Ulaya, akarudi, na 2005 akapewa elimu tena hadi 2010. Siasa za chama chake, Venstre, si zangu. Nasifu ule muda tu.

Tena alizaliwa 1944 Rønshoved, akakulia kwenye chuo cha wananchi, yaani chuo cha bweni cha watu wazima, alichokiongoza baba yake. Vyuo hivyo vilianza Denmark 1844, Wasweden wakaiga, nasi tukachota kwa Wasweden vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, 1975. Binti wa jirani yangu anasomea ushonaji katika kimojawapo. Cherehani moja wanaigombea watatu. Je, mawaziri wetu wangapi wamewahi hata kulala bweni la huko?

Mwalimu mstaafu,
Kiborloni, Moshi