Nyumba za Elementaita zinakaribia kufunguliwa

Section 58, Nakuru
Jumapili jioni

Mpendwa Adhiambo,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Orlando, wewe na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama yako nilizungumza naye jana kwa simu. Magoti bado yanamsumbua msimu huu wa mvua, ila sauti ni ileile ya kuamrisha, na ameniagiza nikuambie kwamba sufuria ulizomtumia zimefika. Shule zikifungwa nitateremka Kisumu kumwona.

Uliniuliza habari za zile nyumba za likizo za kando ya Ziwa Elementaita, kama zinajengwa kweli au ni bango tu la kando ya barabara. Zinajengwa, dada, tena zimefika mbali. Tulikuwa tunatoka Gilgil, mimi na Baba Njeri, tukakata kushoto kuelekea ziwani. Paa zimeezekwa, vioo vimewekwa, na mafundi wa bomba walikuwa wanafukia mitaro. Msimamizi akatufungulia nyumba ya mfano. Wanasema watafungua kabla ya likizo ya Agosti, na mimi nikuambie ukweli, nangoja siku hiyo kwa hamu kubwa.

Jiko ndilo lililonishika. Vyumba vya kulala viwili ni vizuri, baraza linatazama ziwa, lakini nilipofungua kabati za jikoni nikaona sufuria, sahani za watu wanane na meko ya gesi ya mioto minne, nilimwona mama yako pale amesimama akigeuza mbuta wake. Hotelini hatujawahi kuweza hilo. Siku mbili za kwanza watoto hufurahia bafe, ya tatu wanauliza ugali wa nyumbani, na mama yako hatakula samaki asiyemjua aliyemkaanga. Nyumba yenye jiko inabadilisha safari yenyewe: watu wanaamka wanavyotaka, mmoja anachemsha chai, mwingine anakwenda soko la Gilgil, jioni wote mko baraza moja. Hicho ndicho ninachotaka kununua. Bwawa la kuogelea wanalolisifu sana sikuwa na haja ya kuliona mara mbili.

Mpango wao ni taimushea ya mtindo wa zamani, yaani hununui nyumba nzima bali muda wa kuitumia. Kila nyumba imegawanywa kwa wiki za mwaka, wanabakiza kidogo za matengenezo, nyingine wanauza. Ukinunua wiki ya 33 katika nyumba fulani, hiyo ni yako kila mwaka hadi mkataba uishe. Sio kama ile klabu ya Disney ulikokaa kwa pointi za mwenzako wa wodini, ambako mtu hununua pointi za kulipia siku za kulala badala ya wiki maalumu. Nimeisoma barua yako ile mara nyingi, hasa pale ulipoeleza Kidani Village, nyumba zao za huko Disney: kuamka, kufungua pazia, na kumwona twiga akipita chini ya roshani, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama wale wa Uganda, yote hayo katikati ya Florida, ndani ya nyumba zenye majina ya Kiswahili. Ulisema walifungua Kidani mwaka 2009, na mikataba ya pale inaisha 2057. Hilo la mwisho limenifikirisha kuliko twiga. Maana yake aliyenunua mwanzoni alipata karibu miaka hamsini, na anayenunua leo kwa mwenzake anapata miaka iliyobaki tu. Saa inatembea kwa wote pamoja.

Kwa hiyo nimemwuliza wakala wetu swali hilo: ardhi hii imekodishwa hadi lini, na mkataba wangu unaisha lini? Alijibu vizuri kuhusu mkataba, kuhusu ardhi akasema ataniletea nakala ya hati. Sitatia sahihi kabla sijaiona. Kampuni haiwezi kuniuzia miaka ambayo yenyewe haina.

Pointi zina uzuri wake, sikatai. Unaweza kuzitumia kwa usiku tatu mwezi huu na usiku nne mwezi mwingine, na nyumba ndogo au kubwa kulingana na wageni ulio nao. Kwa mtu wa zamu za hospitali kama wewe, huenda zingekufaa zaidi. Lakini sisi tunataka watu waje kutoka Kisumu, Bungoma na Nairobi wakutane mahali pamoja, na watu wengi namna hiyo hawakutaniki bila tarehe iliyokwisha kupangwa. Nikimwambia mama yako kwamba kila mwaka wiki fulani ya Agosti tuko Elementaita, atalipangia shamba lake na kikundi chake cha kina mama. Nikimwambia tutaona pointi zinasemaje, hatakuja.

Lakini wiki yenyewe lazima ichaguliwe kwa akili. Wakala alinisukumia Pasaka, akisema ndiyo inayokimbiliwa. Pasaka inahama, Adhiambo, kuanzia 22 Machi hadi 25 Aprili, na wiki ya namba haihami nayo. Ukinunua wiki ya 14 kwa ajili ya Pasaka, kuna miaka utaipata na miaka utakuwa pale siku za kawaida huku wengine wakila sikukuu nyumba ya jirani. Krismasi haihami, ila wakati huo kila mtu huku magharibi anarudi ushago, na mama yako hawezi kuacha boma lake Desemba. Agosti watoto wako likizo, mvua kubwa za masika zimepita, na kwenu pia huko shule nyingi huwa hazijafunguliwa hadi karibu katikati ya mwezi. Angalia kalenda ya shule ya watoto wako kabla hujanijibu, kwa sababu hapo ndipo tutakapoamua kati ya wiki ya kwanza na ya pili.

Ile nyumba ya Pwani niliyokusimulia, tuliyokaa kwa wiki ya wifi yangu, bado naipenda kwa ajili ya bahari. Elementaita huwezi kuogelea ziwani, maji ni ya magadi na kina chake ni kifupi. Lakini kule Pwani nilijifunza jambo kuhusu ada ya mwaka, ile ya kutunza nyumba. Wifi anailipa aje asije, na imekuwa ikipanda, ilhali kiyoyozi cha chumbani kilikaa kimekufa wiki yote na bomba la bafuni likawa linavuja. Anayenunua huhesabu bei ya kununua tu, wakati ada ndiyo itakayomfuata miaka yote ya mkataba. Nimeomba hawa wa Elementaita waandike ndani ya mkataba ada inapandishwa na nani, kwa kikao gani, na wenye wiki wana kura au hawana. Kwangu hilo lina uzito kuliko rangi ya ukuta.

Halafu kuna ziwa. Wewe uliondoka maji yakiwa yameshaanza kupanda, lakini hujaona mwisho wake. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Lango kuu la zamani la Mbuga ya Nakuru lilimezwa na maji, watu wa mtaa wa Mwariki, Nakuru, wakapoteza nyumba, Baringo hoteli za ufukweni zilizama, na mwaka 2025 Naivasha mtaa wa Kihoto watu walikuwa wanahamisha magodoro kwa mashua. Kwa hiyo nilipofika, nilitembea kutoka barazani hadi ukingoni mwa maji. Mstari wa mbele wa nyumba uko karibu mno, ndio wanaouuza ghali kuliko yote. Mstari wa tatu uko juu kwenye mwinuko, bei ni nafuu, na kutoka pale unaona ziwa lote pamoja na kile kilima cha shujaa aliyelala. Nimemwambia Baba Njeri tukinunua ni hapo. Na tuchague nyumba ya chini isiyo na ngazi, kwa ajili ya magoti ya mama.

Maji ya kunywa pia niliuliza. Unakumbuka meno ya wenzetu wa shule waliokulia Gilgil, yale ya kahawia? Visima vya huku vina floridi nyingi. Msimamizi alinionyesha mahali pa mtambo wa kuchuja, bado haujafungwa. Nitarudi kuuona ukifanya kazi.

Jambo la kubadilishana wiki wakala analipigia debe kuliko yote. Wanataka kujiunga na RCI, ile kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974, ili mwenye wiki Elementaita aibadilishe na wiki Afrika Kusini au Hispania. Inawezekana, lakini kuna ada ya uanachama, kuna ada ya kila badilishano, na wiki yako inapimwa kwa jinsi inavyotafutwa na wengine. Kwa maoni yangu mtu anunue mahali anapotaka kwenda mwenyewe. Mimi napataka Elementaita. Nataka watoto wawaone wale mwari weupe wanaozaa kwenye visiwa vya mawe na kuruka kwenda kutafuta samaki maziwa mengine kwa sababu hapo hakuna samaki wa kuwatosha. Nataka wapelekwe Kariandusi, mahali pa mabaki ya watu wa kale ng'ambo tu ya barabara kuu, waone mashoka ya mawe aliyoyafukua mwanaakiolojia Louis Leakey. Maji moto ya Kekopey nayo yako pale pale. Mtoto wa Orlando anayejua Afrika kupitia roshani ya Kidani anastahili kuyaona haya akiwa na binamu zake.

Na ni karibu, hilo ndilo linalonipa moyo. Kutoka hapa Nakuru ni mwendo mfupi, mama yako atatoka Kisumu asubuhi na mchana tutakuwa naye mezani. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ile kuu inayotoka upande wa Nairobi na kupita Nakuru, imeanza kupanuliwa, kwa hivyo wa Nairobi watapata msongamano na vumbi kwa muda, lakini ikikamilika ile hofu yetu ya ajali za malori pale Salgaa itapungua. Pwani ni pazuri, na huko kwenu ni pazuri, ila jamaa zangu wangapi wataweza kufika?

Usiogope kuhusu sahihi. Nimesoma Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, nayo imeitaja taimushea kwa jina. Mnunuzi anaweza kughairi bila kutoa sababu ndani ya siku kumi tangu apokee nakala ya mkataba wa maandishi. Ndiyo maana nimekataa kulipa malipo ya awali siku ile ile, ingawa walitupa juisi na punguzo la mwisho wa mwezi. Nitasubiri wafungue, nilale pale usiku mmoja kama mgeni wa kulipa, nifungue mabomba yote, niwashe meko, ndipo nikupigie.

Mpango wangu ni huu: mimi na Baba Njeri tununue wiki moja, wewe ununue wiki hiyohiyo nyumba ya pili yake, mstari wa tatu. Mwaka usipoweza kuja, mama yako na ndugu zako watalala kwako, nami nitasimamia funguo. Niambie mambo mawili tu: tarehe ya shule ya watoto, na kama likizo yako ya Agosti unaweza kuiomba mapema kazini. Bei na nakala ya mkataba nitakutumia kwenye simu zikinifikia.

Wasalimie watoto, na yule mwenzako wa pointi pia.

Ni mimi rafiki yako,
Wanjiku